Mzaha Usio na Mwenyewe: Lugha ya Maficho ya Intaneti na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika kauli hiyo fupi mna nadharia nzima ya mawasiliano. Maana yaweza kufichwa, lakini mfumbaji hujulikana, na anayefumbiwa huachiwa nafasi ya kufumbua na kujibu. Ndivyo walivyojibizana malenga wa Mombasa na Lamu katika enzi za Muyaka bin Haji, na ndivyo wanavyolumbana watunzi wa mashairi katika kurasa za Taifa Leo. Enzi hii ya intaneti imezua utaratibu uliopindua mambo hayo. Katika baadhi ya pembe za mtandao, kinachofichwa ni msemaji mwenyewe. Neno hutupwa hadharani likiwa tupu, wala halina mwenyewe wa kuulizwa.

Mjadala kuhusu pembe hizo aghalabu huachiwa polisi, wahubiri na wataalamu wa tarakilishi. Polisi huuliza ni sheria gani iliyovunjwa, mhubiri huuliza ni dhambi gani iliyotendwa, naye mtaalamu wa tarakilishi huuliza ni mtambo upi uzimwe. Ni nadra kumsikia mwanaisimu au mhakiki wa fasihi akiuliza swali lake. Makala haya yanashikilia kwamba maficho ya intaneti ni jamii-lugha kamili, yenye misimu yake, miiko yake na sanaa yake. Kwamba hatari yake hupitia kwenye lugha kabla ya kufika kwenye bunduki. Na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuichunguza lugha hiyo badala ya kuikwepa kwa kuwa inanuka.

Kwanza, ni vyema kueleza chimbuko la mambo haya. Mnamo 1999, Mjapani Hiroyuki Nishimura alianzisha uwanja wa mazungumzo ulioitwa 2channel, ambamo yeyote angeweza kuandika bila kujisajili. Miaka minne baadaye, Oktoba 2003, kijana wa Kimarekani wa umri wa miaka 15, Christopher Poole, aliiga mtindo huo wa Kijapani akaanzisha 4chan. Huko, asiyejaza jina hupewa moja kwa moja jina la Kiingereza Anonymous, yaani Asiye na Jina. Tena, mazungumzo hayakai. Mapya yanapoingia, ya zamani husukumwa chini hadi yakafutika. Kwa hiyo sifa kuu za uwanja huo zilikuwa mbili tangu mwanzo, nazo ni kukosa jina na kukosa kumbukumbu.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapozitazama sifa hizo hana budi kuzilinganisha na desturi ya tenzi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi yapata mwaka 1858, hakumaliza kabla ya kujitaja jina, kutaja Pate alikozaliwa, na kuweka tarehe ya utungo kwa mwaka wa Hijria. Desturi hiyo haikuwa yake peke yake. Ubeti wa mwisho ulikuwa sahihi ya mtunzi na dhamana yake mbele ya Mungu na mbele ya wasomaji. Mtunzi alisema, kwa namna yake, kwamba maneno haya ni yake na mwenye swali na amtafute. Hata mtunzi wa leo anayejipachika lakabu gazetini huiandika kando ya jina lake na mahali anakotoka. Lakabu humpamba mtu, haimfuti.

Hata hivyo, haki ni kumpa kila mtu chake. Si kila kilichozaliwa katika maficho hayo ni uchafu. Picha za paka zenye maneno ya kuchekesha ambazo dunia nzima ilizicheka katika miaka ya 2000, na mchezo wa 2007 wa kumhadaa mtu abofye mahali akutane na wimbo wa zamani wa Rick Astley, vyote vilivuma kutoka 4chan. Mnamo 2008 watu waliojiita Anonymous waliandamana katika miji mingi duniani kulipinga Kanisa la Scientology, wakiwa wamevaa barakoa za Guy Fawkes. Hali kadhalika, mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua huko jambo analolifahamu. Utungo hauna mwandishi mmoja, kila anayeupokea huuongezea au kuupunguzia, na ulio hai ni ule unaorudiwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Katika fasihi simulizi, fanani husimama mbele ya hadhira. Akikosea huzomewa, akitukana hunyamazishwa, na kesho watakutana naye kisimani au sokoni.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa aina ya kicheko kinachostahili kutazamwa kwa makini. Wakazi wa maficho hayo walikuwa na neno lao, lulz, lililotokana na kifupisho lol cha kuashiria kicheko. Maana yake ilikuja kuwa raha ipatikanayo kutokana na maumivu ya mtu mwingine. Alipoulizwa mtu kwa nini amemsumbua mjane, au kwa nini amemtumia mzazi aliyefiwa picha za kumkejeli, jibu lilikuwa neno hilo moja. Ni mzaha tu. Mwenye kukasirika ndiye aliyeshindwa.

Waswahili wana taasisi ya mzaha iliyokomaa, nayo ni utani. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, na katika makabila mbalimbali ya Afrika Mashariki watani huweza kutaniana hata msibani, tena kwa maneno ambayo yangezua ugomvi kama yangetoka kwa mtu mwingine. Lakini utani una kanuni. Mtani anajulikana kwa sura na kwa ukoo. Anayetaniwa ana haki ya kurudisha utani. Tena mtani huyo huyo anayemcheka marehemu ndiye mara nyingi anayehudumu katika mazishi yake. Mzaha wa maficho umechukua ruhusa ya utani ukaacha wajibu wake. Ndiyo maana hoja ya kwamba ni mzaha tu haiwezi kukubaliwa na yeyote aliyeujua utani halisi. Mzaha usio na mwenyewe hauna wa kurudishiwa, na anayechekwa hubaki peke yake.

Mfano wa chura unatosha kuonyesha jinsi mzaha wa aina hiyo unavyoigeuza ishara. Mwaka 2005, mchoraji wa Kimarekani Matt Furie alimchora katuni wa chura aliyemwita Pepe, mhusika mpole asiye na neno na mtu. Wakazi wa 4chan walimchukua, wakamlilisha, wakamchekesha, kisha baadhi yao wakamvika alama za Kinazi. Hapo mwanzo walisema wanatania. Kufikia 2016, shirika la Kimarekani linalopambana na chuki dhidi ya Wayahudi, Anti-Defamation League, lilikuwa limeiingiza picha ya chura huyo katika orodha ya alama zinazoweza kutumiwa kueneza chuki, ingawa lilikiri kwamba matumizi yake mengi hayakuwa ya chuki. Mwaka huo huo iligunduliwa kwamba watu fulani walikuwa wakiyazungushia majina ya Wayahudi mabano matatu matatu ili wenzao wajue ni nani wa kushambuliwa. Asiyejua aliona chura na mabano. Aliyejua aliona wito. Hapa ndipo maarifa ya semantiki na semiotiki, ambayo wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mitihani, yanapopata kazi ya kweli. Ishara haibadiliki kwa siku moja. Hubadilika hatua kwa hatua, na kila hatua hulindwa na kicheko.

Mnamo Machi 15, 2019, mtu mwenye bunduki aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand. Kabla ya kufyatua risasi alikuwa ameutangaza mpango wake katika 8chan, uwanja uliofanana na 4chan lakini wenye udhibiti hafifu zaidi. Waraka aliouacha ulijaa misimu na mizaha ya maficho hayo, kiasi kwamba wageni walishindwa kutenganisha alichokimaanisha na alichokiweka ili kuwachezea waandishi wa habari. Alirusha mauaji hayo moja kwa moja kupitia Facebook, na kampuni hiyo ilisema kwamba katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo duniani kote. Kabla ya mwaka huo kwisha, wauaji wa Poway, California, na El Paso, Texas, nao walikuwa wametanguliza maandishi yao katika uwanja huo huo. Fredrick Brennan, aliyeuanzisha mwaka 2013 na ambaye alikuwa ameacha kuusimamia, alijitokeza akataka ufungwe. Methali husema kwamba kinyago ukichonge mwenyewe hakikutishi. Brennan alikichonga, na kikamtisha.

Jibu la New Zealand linafaa kukumbukwa na kila mpenda lugha. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alitangaza bungeni kwamba hatalitamka jina la muuaji kamwe, akawasihi watu wayataje majina ya waliouawa. Kwa tendo hilo la kilugha, aliyetafuta umaarufu kutoka katika uwanja wa wasio na majina alinyimwa jina, na waliofutwa wakarudishiwa majina yao. Marehemu nao walikuwa watu wenye ukoo, kazi na watoto, na kutajwa kwao kulikuwa sehemu ya haki yao.

Msomaji huenda akauliza, je, haya ya Marekani na New Zealand yana uhusiano gani na Kiswahili? Uhusiano upo, na ni wa karibu mno. Utaratibu wa kumgeuza binadamu kuwa kitu kingine kwa neno la kificho haukungoja intaneti. Nchini Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Nchini Kenya, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Tume ya Waki ilibaini kwamba yaliwaua watu 1,133, miongoni mwa maneno yaliyoogopwa katika Bonde la Ufa ni madoadoa na kwekwe. Hayo ni maneno safi ya Kiswahili. Doa ni alama iliyochafua nguo, na kwekwe ni mmea usiotakiwa shambani. Hakuna tusi ndani yake. Ukatili wote umo katika sitiari, kwa maana doa huondolewa na kwekwe hung'olewa. Aliyeitwa hivyo tayari amekwisha kuhukumiwa, na anayesikia ameshaambiwa la kufanya bila ya kuambiwa.

Mwezi Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichapisha orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, na miongoni mwayo yalikuwamo madoadoa, kwekwe na mende. Nia ilikuwa njema. Lakini mwanaisimu angeiambia tume hiyo kwamba orodha ya maneno ni wavu wa kunasia samaki wa jana. Mkulima wa Kitale hawezi kukatazwa kulitamka neno kwekwe anapopalilia mahindi yake, naye mwenye chuki akizuiwa neno moja hukopa lingine kabla ya jua kutua. Kinachohitajika ni kuelewa namna neno linavyosogea: lilitumiwa na nani, mbele ya nani, likimlenga nani, na kicheko gani kilililinda. Kazi hiyo haifanywi na orodha. Hufanywa na watu waliofunzwa isimujamii na uhakiki wa mitindo, tena wanaoijua lugha kwa undani wake.

Watu hao wanahitajika sasa, wala si kesho. Tangu 2019 hadi mapema 2023, kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa lugha kadhaa za Kiafrika ilifanyiwa Nairobi na kampuni ya Sama. Vijana kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika waliketi mbele ya tarakilishi wakitazama mauaji, udhalilishaji na matusi ili watu wengine wasiyaone. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi mjini Nairobi, na mwaka 2023 wenzao zaidi ya 180 wakafungua nyingine. Kesi hizo zilihusu mazingira ya kazi na kuachishwa kazi, lakini zilifichua pia jambo la kilugha. Hukumu kuhusu neno gani la Kiafrika ni hatari ilikuwa imebebeshwa vijana waliopewa muda mfupi wa kuamua, ilhali idara za lugha katika vyuo vikuu zingali zinabishana iwapo misimu ya mtandaoni ni mada inayostahili tasnifu.

Pamoja na hayo yote, ni hatari vilevile kuhitimisha kwamba kila anayejificha ana nia mbaya. Historia ya Kenya inakataa. Kijikaratasi Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968 kilisambazwa kichinichini, na kilimfikisha Abdilatif Abdalla gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mnamo 1982, gazeti la siri Pambana lilipitishwa mkono kwa mkono katika nyakati ambapo kupatikana nalo kulitosha kumfunga mtu. Hata katika miaka ya karibuni, mwishoni mwa 2024, vijana kadhaa waliosambaza mtandaoni picha na maneno ya kuikejeli serikali ya Kenya walitekwa nyara, na baadhi yao wakaachiliwa Januari 2025. Anayeona mambo hayo hawezi kumlaumu mnyonge anayelificha jina lake. Sheria itakayomlazimisha kila mwandishi wa mtandaoni kujitambulisha itamkamata mchora katuni kabla ya kumkamata mchochezi.

Basi kigezo ni kipi? Makala haya yanapendekeza kwamba swali la kwanza lisiwe iwapo msemaji amejificha, bali amejificha dhidi ya nani. Mwandishi wa Pambana alijificha dhidi ya dola iliyokuwa na askari na magereza. Mkazi wa 8chan alijificha dhidi ya mwanamke mmoja, mhamiaji mmoja, muumini mmoja aliyeinama akisali. Wa kwanza alimsemea asiyeweza kusema. Wa pili alimnyamazisha. Aidha, siri ya mnyonge aghalabu hungojea siku ya kujitaja. Abdilatif Abdalla alipochapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, diwani ya mashairi aliyoyatunga gerezani, jina lake lilikuwa juu ya jalada. Siri ya mjeuri haina siku kama hiyo, kwa kuwa hakuna anachokidai ambacho angependa kukitetea kwa sura yake.

Kuna watakaopinga. Wapo watakaosema kwamba kuuchunguza uchafu ni kuueneza. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Mtafiti hapaswi kunakili nyaraka za wauaji, wala kuyapamba matusi kwa istilahi za kitaaluma ili yapate heshima. Lakini daktari hakatazwi kuchunguza kipindupindu. Hufundishwa kunawa mikono. Wapo pia watakaosema kwamba hiyo si lugha sanifu, na kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kulinda usanifu. Hao wakumbushwe Sheng. Ilidharauliwa kwa miaka mingi ikaitwa lugha ya wahuni, na leo ina kamusi, tasnifu na makala za kitaaluma. Muda uliopotea kwa dharau haukurudi. Isitoshe, maneno madoadoa na kwekwe ni sanifu kabisa. Usanifu haujawahi kuwa kinga dhidi ya chuki.

Hivyo basi, yako mambo matatu yanayoweza kuanza katika idara za Kiswahili bila kungoja fedha za wafadhili. La kwanza, wahadhiri wakubali mada za tasnifu zinazochunguza misimu ya maficho ya mtandaoni kwa Kiswahili na kwa Sheng, na waweke mwongozo wa maadili utakaowalinda watafiti na wanaolengwa. La pili, wanafunzi waanzishe hifadhi ya istilahi na sitiari hizo, kila neno likiandikwa pamoja na mwaka lilipoonekana, muktadha wake na kundi lililolengwa. Maana maficho huishi kwa kutokuwa na kumbukumbu, na kuandika ni kuyanyima riziki. La tatu, fasihi yenyewe isikae kando. Watunzi wa mashairi, tamthilia na hadithi fupi wanayo silaha ya utani halisi, unaomcheka mwenye nguvu na kumwachia nafasi ya kujibu.

Kijana wa leo hukutana na maficho haya akiwa peke yake, usiku, rununu ikiwa mkononi. Hukutana kwanza na kichekesho, kisha na msimu asiouelewa, kisha na wenzake wanaomfafanulia maana na kumkaribisha. Aliyemfafanulia ndiye mwalimu wake. Iwapo walimu wa lugha hawatakuwa na la kumweleza kuhusu neno hilo, chimbuko lake na mahali linakompeleka, basi atafundishwa na wasio na majina. Shime, wanafunzi wa Kiswahili, kazi hii ianze muhula huu.